Kikohozi cha Kimotho

Kitale,
Novemba 12, 2007

Sista Roselyne,

Mimi ni mzima, isipokuwa mapafu, ambayo ndiyo peke yake unayotaka kujua habari zake. Hujawahi kuniuliza juu ya magoti.

Nakurudishia fomu ya utafiti wenu ya mwezi huu, maswali yote hamsini. Doa la ukurasa wa pili ni chai, si damu, usiliandike mahali. Swali la tisa limenitesa. Mnauliza kama naweza kupanda ngazi za ghorofa moja bila kupumzika. Sista, mimi ni mkulima, na kabla ya hapo nilisaga mahindi ya watu kwenye kisiagi miaka ishirini na sita, ndiyo maana kifua changu kimejaa unga kama gunia. Ghorofa nitatoa wapi? Lakini sikutaka mseme huko Bungoma ati wagonjwa wa Kitale wanajaza kwa kubahatisha. Nikavaa koti, nikaenda mjini kutafuta jengo lenye ngazi. Nilifika ya kumi na moja. Hapo nikakaa chini kukohoa, mpaka wakili mmoja akatoka ofisini kuniuliza nataka kumshtaki nani. Nikamwambia nimetumwa na Sista. Kwa hivyo andika: kumi na moja.

Mmesema pia kila mgonjwa ataje mtu wa kumsimamia asiache dawa. Andika Kimotho, mdogo wangu. Tunakaa boma moja, yeye na mkewe Mary Ann upande wa juu, mimi na Rahab upande wa chini. Kimotho ana mapafu ya farasi na mdomo wa kuyatosha. Akinisimamia, nitavuta ile pampu yenu ya dawa ya pumzi ili tu anyamaze.

Habari nyingine si za fomu. Kuna mtu alikata mkia wa ng'ombe wetu mmoja, akauning'iniza langoni na karatasi ya kutuambia tuhame kabla ya Krismasi. Kimotho alisema mwandishi ana mwandiko mbaya kuliko wangu. Tulicheka. Ng'ombe hakucheka.

Wako mwenye kupumua kwa kiasi,
Gicheru Ngige


Bungoma,
Novemba 27, 2007

Baba Beth,

Nilimsomea daktari wetu mkuu jibu lako la swali la tisa. Alicheka, halafu akauliza kwa ukali ni nani aliyetafsiri swali hilo. Ni mimi. Kuanzia mwezi ujao ngazi zimekuwa kilima.

Alama zako ni hamsini na nane. Nikukumbushe: sufuri ni mtu ambaye mapafu hayamnyimi kitu, mia ni mtu ambaye maisha yake yote yameliwa na kutafuta pumzi. Hewa yenyewe mashine inaweza kuipima. Sisi tunataka kujua ugonjwa umekunyang'anya nini: usingizi, shamba, kanisa, kucheka. Kwa hivyo mzaha wako uache kwenye barua, usiuingize ndani ya visanduku.

Vuta pampu asubuhi na jioni hata siku unayojisikia vizuri. Ukiacha wiki chache tu, utaona. Jina la Kimotho nimeliandika. Tukiona hujachukua dawa, tutamwandikia yeye.

Ile karatasi mpelekee chifu. Na kama kuna watu wenu mahali pengine, baba, si mwende mkale Krismasi huko?

Roselyne Nanyama,
Muuguzi


Uwanja wa maonyesho, Kitale,
Januari 21, 2008

Sista,

Naandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Hakuna anayeihitaji.

Walikuja Januari mosi, siku mbili baada ya matokeo ya uchaguzi, saa nane mchana, tukiwa tunakula. Nilidhani watu wa namna hiyo huja gizani, kwa aibu. Hawa walikuja jua likiwaka, wanaimba. Wakawasha nyumba ya Kimotho, kisha yangu. Jirani yetu wa bondeni, mzee wa kanisa, alitoka na Biblia kuwasalimu. Waliukata kwanza mkono ulioshika Biblia, kisha wakamkata yeye. Ng'ombe waliwakata miguu wakawaacha hai, wakawa wanatambaa kwa magoti uani. Sauti ya ng'ombe anayetambaa sikuijua kabla ya siku hiyo, na ningeomba kuirudisha kwa yule niliyeipokea kwake.

Jerono, mama wa ng'ambo ya ua ambaye watu wake na wetu sasa wanatakiwa wachukiane, alituingiza kwenye stoo yake ya mahindi. Ndiyo maana unasoma barua hii.

Hapa hemani tuko mimi, Rahab, binti yetu Beth na mtoto wake, na Mary Ann, ambaye siku ile alikuwa kwa mama yake Kiminini. Usidhani ubaya uko upande mmoja. Juzi kijana mmoja alipita langoni hapa, wakamuuliza jina, jina halikuwapendeza, wakampiga mawe mpaka meno yake yakabaki barabarani. Waliompiga ni wetu. Mmoja nilimsimamia mtoto wake ubatizoni.

Fomu iliungua, lakini maswali nayajua kwa kichwa, nimeyajibu hapa chini. Utaona nimepona. Nalala vizuri, natembea popote, sikohoi. Labda dawa niliyohitaji miaka yote hii ni kufukuzwa.

Gicheru


Bungoma,
Februari 11, 2008

Baba Beth,

Namshukuru Mungu kwa uhai wenu. Barua ilichukua siku kumi na tano kufika. Nilikuwa nimeshajaribu kuja Kitale na gari la utafiti, lakini kabla ya kufika Misikhu tulikuta barabara imefungwa kwa mawe na magogo, tukarudi.

Sasa nikuulize kama muuguzi. Nimejumlisha majibu yako. Umepata nane. Baba, mimi ni mzima, nina miaka thelathini na mmoja, nilijaza fomu hiyo hiyo nikapata kumi na tatu. Umekaa katika vumbi la mahindi, umevuta moshi wa nyumba mbili, unalala juu ya nyasi zenye umande, halafu mapafu yako yamekuwa bora kuliko yangu?

Mhudumu wa dawa hapo Kitale ananiambia jina lako halina sahihi tangu Desemba. Hujachukua pampu. Nimefanya kama utaratibu unavyosema, nimemwandikia Kimotho. Usimkasirikie. Nikasirikie mimi.

Roselyne


Bungoma,
Februari 11, 2008

Kwa Bw. Kimotho Ngige,
Uwanja wa maonyesho, Kitale

Ndugu Kimotho,

Hatujaonana, lakini kaka yako amekusifu kwangu kwa mdomo wako. Jina lako tunalo kama msimamizi wake. Hachukui dawa, na anaandika kwamba amepona, jambo ambalo halina njia. Naomba umpeleke kwa mhudumu wa dawa wewe mwenyewe na usimame hapo mpaka avute. Ukimwona midomo imekuwa ya buluu, au hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, usingoje siku ya kliniki.

Wewe unakijua kikohozi chake kuliko mimi. Nakutegemea.

Roselyne Nanyama, Muuguzi


Showground, Kitale
24/2/2008

Sister Roselyne,

Mimi naitwa Mary Ann, bibi ya Kimotho. Leo baada ya ibada walisoma majina ya wenye barua kwa spika. Wakasema Kimotho Ngige. Nilikimbia mpaka kiatu moja ikabaki kwa matope. Nikajua wamempata.

Nimefungua barua yako, unisamehe, si yangu.

Shemeji Gicheru aliniambia siku ile Kimotho alikimbilia upande wa mto wakapotezana. Kila asubuhi naenda kwa ubao wa watu wamepotea, nasoma majina kutoka juu mpaka chini, halafu narudia. Sasa wewe umemwandikia. Mtu haandikii mtu kama hajui ako hai. Umesema unamtegemea. Kwa hivyo kuna kitu unajua.

Niambie ako wapi. Kama ako hospitali huko Bungoma, hata kama wamemkata miguu, niambie tu, nitakuja kumbeba. Mwambie nyumba si kitu, tutajenga.

Ni mimi,
Mary Ann


Bungoma,
Machi 1, 2008

Baba Beth,

Nakutumia barua ya Mary Ann ndani ya hii. Isome ukiwa peke yako.

Mimi nilimwandikia Kimotho kwa sababu nilidhani yuko hemani na ninyi. Nimeitafuta barua yako ya Januari nikaisoma tena. Umewataja watu watano, na yeye hayumo. Mimi niliona alama tu, jina sikuliona. Hiyo ni aibu yangu.

Sijamjibu Mary Ann. Nikimjibu nitamwambia nini?

Kimotho yuko wapi?

Roselyne


Kitale,
Machi 12, 2008

Sista,

Kimotho amekufa. Ona sasa, maneno mawili tu, na nimeshindwa kuyaandika wiki kumi.

Tulikuwa watano kwenye ile stoo: mimi, Rahab, Beth, mtoto wake, na Kimotho. Imejengwa kwa mbao zenye nafasi, unaona nje kama mtu anayechungulia katikati ya vidole. Mahindi yalikuwa yamepukuchuliwa juzi yake, vumbi lilikuwa limejaa hewani kama moshi. Vijana walikuwa uani, nadhani ishirini, na mapanga ambayo hayakuwa safi. Jerono alisimama mbele ya mlango amekunja mikono.

"Hapa kuna mahindi na panya," aliwaambia.

Mtoto wa Beth ana miezi minne. Alinyamaza. Mimi nina miaka hamsini na mitatu, nikashindwa. Niliuma mkono wangu mpaka nikaonja damu, Rahab akanikandamiza uso kwenye kifua chake, lakini kikohozi si mtu wa kubembelezwa. Kikatoka. Kimoja tu.

Wimbo ukakatika. Halafu nikasikia sauti ya kijana, ya upole kabisa, "Mama, siku hizi panya wenu wanakohoa?"

Kimotho alinitazama. Ukutani nyuma kulikuwa na ubao mmoja uliolegea. Aliusogeza, akapita kwa ubavu, akatokea kwenye mabua ya mahindi yaliyorundikwa. Nilifikiri anatukimbia, na nikamlaani, Sista. Hiyo ndiyo baraka ya mwisho niliyompa mdogo wangu.

Halafu nikasikia kikohozi changu kikitoka nje.

Kile kile. Kinaanza chini kama mtu anayeburuta kiti, kinapanda mara tatu, kinaishia na filimbi. Alikuwa akiniiga tangu niugue, mezani, mbele ya wageni, hata tukingoja kasisi, na watu walikuwa wakishika mbavu. Sasa alitokea nyuma ya mabua ameinama, ameshika kifua, anakohoa kikohozi changu mbele ya watu ishirini wenye mapanga, waone wenyewe kwamba panya ndiye huyo na hakuna mwingine. Walipomwelekea akanyooka, akakimbia, akawavuta mbali na stoo.

Walimpata kwenye ua wa waya. Mshale mmoja pajani. Baada ya hapo walitumia panga, na hawakuwa na haraka. Nilihesabu. Fomu zako zimenifundisha kuhesabu. Ilipofika kumi na saba nikaacha, wao hawakuacha. Hakukohoa tena. Alilia kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ilikuwa nzuri, aliimba besi.

Jerono alimzika jioni hiyo nyuma ya zizi lake, kwa jembe lake, amepiga magoti kwa sababu hakutaka aonekane kutoka barabarani.

Mary Ann alipotufikia hapa uwanjani alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameambiwa njiani tuko hai. Akauliza, "Na wangu?" Nikasema alikimbilia mtoni. Rahab na Beth nimewafunga midomo. Kila asubuhi namwona akienda kwenye ule ubao, na mimi nakaa hemani kama mzee wa heshima.

Fomu ile nilidanganya. Pampu niliiacha tangu siku hiyo. Nilitaka unione mzima, unitoe kwenye daftari, dawa apewe mtu anayestahili kuvuta hewa. Sasa kutoka hemani hadi chooni nakaa chini mara mbili. Mwezi mmoja zaidi, na sitahitaji kwenda chooni. Niachie hivyo. Na tafadhali, Mary Ann usimwambie.

Gicheru


Bungoma,
Machi 25, 2008

Baba Beth,

Nilikuandikia kwamba barabara ilifungwa tukarudi. Sikukuandikia yote.

Mbele yetu kulikuwa na lori. Waliofunga barabara walimshusha dereva. Kiongozi wao akaniletea uso wake dirishani akaniuliza, kwa lugha yetu ya nyumbani, kama namjua yule mtu. Namjua. Ni yeye anayetuletea mitungi ya oksijeni, kila Alhamisi, na huwa anaacha mlango wazi nikimfokea. Alikuwa ananitazama. Nikasema simjui. Walimwekea tairi shingoni tukiwa tunageuza gari. Mimi ndiye niliyemwambia dereva wetu aharakishe.

Kwa hivyo sikuandikii kutoka juu ya mlima. Nakuandikia nikiwa matopeni, kando yako.

Lakini nikwambie unapokosea. Wewe unahesabu kana kwamba ulimtoa Kimotho nje kwa mkono wako. Hakukuuliza. Aliona mlango, akaona mtoto, akachagua. Ukijiua polepole kwa kukataa dawa, unambadilishia kifo chake bila ruhusa yake. Alikufa ili mtoke hai watu wanne. Wewe unataka wawe watatu.

Mary Ann ana haki ya kujua ni wapi aende na maua. Mimi sitamwandikia uongo. Mpaka mwisho wa Aprili kama hujamwambia, nitakuja nimwambie mimi, na nitakuwa nimevunja kiapo cha kazi yangu kwa ajili yako, mzee mkaidi.

Roselyne


Kitale,
Mei 2, 2008

Sista Roselyne,

Nilimwambia. Nilingoja mpaka Aprili ishirini na tisa, kwa sababu mimi ni shujaa.

Alikuwa anakoroga uji wa asubuhi, zamu yake, lile sufuria kubwa la hema kumi. Nilisimama kando ya moto nikasema yote, kama nilivyokuandikia, pamoja na laana. Aliendelea kukoroga mpaka nilipomaliza. Halafu akautoa mwiko kwenye uji na kunipiga nao usoni.

Sijapigwa hivyo tangu shule ya msingi. Uji ulikuwa wa moto, mwiko ulikuwa wa mti mgumu, na shemeji yangu amelima maisha yake yote. Alinipiga kichwa, mabega, mikono niliyoinua, na mwiko ulipovunjika akaendelea na kipande. Watu walisogea kumshika, Rahab akawazuia. Mke wangu wa miaka ishirini na tisa alisimama, akasema, "Muacheni amalize." Nadhani alikuwa akingoja mtu wa kuifanya kazi hiyo.

Alipochoka alikaa juu ya jiwe la moto, upande usio na moto. Akaniuliza, "Alikohoa vipi?"

Nikasema, "Kama mimi."

"Nionyeshe."

Sista, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya. Nilipaswa kumwiga mtu aliyekuwa akiniiga. Nikainama, nikashika kifua, nikakohoa.

"Hapana," akasema. "Kimotho alikuwa anainama zaidi. Na jicho moja analifunga. Tena."

Nikafanya tena. Uji na damu vilikuwa vinanidondoka kwenye ndevu.

"Tena."

Mara ya tatu kifua kikaninyang'anya mchezo. Kikawa kikohozi cha kweli, kisichokuwa na mwisho, na hewa ikakataa kurudi. Niliona uwanja wote umekuwa mweupe. Nikaanguka kwa magoti kwenye majivu, nikasema moyoni, basi, iwe hapa, mbele yake, ana haki ya kuona. Hata nilifurahi kidogo. Umenijua, huwa napenda kumaliza mambo bila kuwasumbua watu.

Rahab akarusha kitu. Ilikuwa pampu. Ameenda kuichukua kila mwezi tangu Februari, akaifunga kwenye leso yake bila kuniambia. Mary Ann aliidaka, akanishika nywele, akanivuta kichwa nyuma, na kunisukumia kile chuma mdomoni hadi jino likameguka.

"Vuta!" alinipigia kelele. "Vuta, mjinga wewe! Hutakufa mbele yangu. Mmoja alitosha. Vuta!"

Nikavuta.

Hajaniamkia tangu siku hiyo, wala sitegemei. Asubuhi na jioni anakuja, anasimama mlangoni pa hema mpaka nivute mara mbili, halafu anaondoka. Hanitazami usoni, anatazama kifua tu, kama wewe.

Wiki ijayo tunakwenda kwa Jerono na jeneza, kasisi, na polisi wawili. Kutoka nyuma ya zizi hadi barabarani, mahali gari litakapongoja, ni hatua mia tatu na arobaini, kupanda. Mary Ann ametuma neno kwa Rahab kwamba mtu wa kubeba msalaba mbele ya jeneza ni mimi, na nisisimame njiani hata mara moja, ama nisije kabisa.

Kwa hivyo nafanya mazoezi. Naondoka hemani kabla jua halijawa kali, naelekea langoni na ubao wa kitanda begani badala ya msalaba, na watoto wa kambi wananifuata wakihesabu kwa sauti. Leo walifika mia moja tisini na nne kabla sijakaa chini. Jana ilikuwa mia moja na themanini.

Fomu nitaijaza nikirudi.

Gicheru